Uzi Mrefu na Matata Yake

Kila aliyepata kushika sindano alijua jambo hili. Umekaa mlangoni penye mwanga, kitambaa kiko magotini, mishono yaenda sawasawa. Mara uzi wakwama. Wauvuta kidogo, hauji. Wauvuta kwa nguvu, na pale nyuma ya kitambaa, mahali usipopaona, limekwisha kazwa fundo ambalo wewe hukulifunga. Hapo wengine hukata kwa mkasi, wengine huuma kwa meno, wengine hutoa maneno makali. Sisi tumekwisha kufanya yote matatu, ingawa hilo la tatu hatupendi wanafunzi wetu walijue.

Juma hili basi twataka kunena habari za uzi utatanao, na namna ya kuuzuia usitatane. Labda yuko atakayesema: jambo hili ni dogo, tena ni la akina mama, mwalimu mwanamume ana nini nalo? Ee bwana, tazama vifungo vya shati lako, kisha uulize tena. Na neno lenyewe si dogo katika lugha yetu. Hao wageni wanaofika Kongo hujifunza kusema «matata» hata kabla ya kujua kusalimu vema; lakini tata ni msokotano wa nyuzi au kamba, zilizoingiliana hata mtu asione mwanzo wala mwisho. Naye azifunguaye, kazi yake ni kutatua. Leo twatatua hesabu, twatatua kesi za mashamba, twatatua ugomvi wa mume na mke, na kumbe mwanzoni tulikuwa tukitatua uzi.

Sasa tusimulie yaliyotupata, kwa maana hatukuyapata haya vitabuni.

Mwaka jana mwalimu mwenzetu wa kike, ambaye ndiye hufundisha kazi za mikono, alikwenda likizo ya kujifungua. Mkuu wa shule akagawa saa zake, na sisi tukapewa darasa la tano, siku ya Alhamisi, kushona. Tulipokea bila hofu. Katika seminari ndogo kila kijana alijishonea namba yake kwenye shuka na kaptula, akajipigia viraka mwenyewe. Kwa hiyo tulidhani twaijua sindano.

Watoto walikuwa 41, sindano 20. Tukawapanga wawili wawili, mmoja akishona na mwenziwe akitazama na kungoja zamu, mahali pamoja wakawa watatu. Uzi kila mtoto alileta wa kwao, kwa kuwa shule haina uzi. Basi fikirini hali yetu. Tundu la sindano ni dogo, na watoto walio wengi hawajazoea kulitia uzi. Kila uzi ulipokwisha, mkono uliinuka: «Mwalimu, nitilie.» Kabla hatujamaliza huyu, mikono sita imeinuka. Tukapata hila. Tukamkatia kila mtoto uzi wa pima nzima, yaani tangu ncha ya vidole vya mkono huu hata ncha ya vidole vya mkono wa pili, ili asituite tena mpaka kengele. Tukakaa mezani kusahihisha madaftari ya hesabu, tukajiona tu werevu.

Haikupita robo saa. «Mwalimu, uzi umefunga.» «Mwalimu, uzi wangu umekufa.» Darasa zima likawa kama wavuvi waliovutana nyavu. Binti mmoja, mwembamba na mkimya, akaaye kwa koko yake nyuma ya soko, alikuja mbele mara tatu na fundo jekundu mkononi. Mara ya tatu tulimwambia mbele ya wenziwe kwamba mikono yake ina uvivu, na katika daftari lake tukaandika sifuri juu ya kumi. Tukasema neno moja zaidi, nalo hatutaliandika hapa.

Jumamosi alasiri tulisikia hodi. Alikuwa koko wa yule binti. Tukamkaribisha, tukamtolea kiti, akachagua kukaa kwenye ubao wa mlangoni. Hakuanza kwa maneno. Alifungua pembe ya kikwembe chake alimokuwa amefunga kitu, akatoa tonge la uzi mwekundu, kubwa kama yai la kuku.

«Mwalimu,» akasema, «nimelikuta hili ndani ya godoro la mtoto. Amekuwa akificha. Mwenyewe nilimchapa kwanza, nikidhani ameniibia uzi. Kisha nikaketi nikaanza kutatua, nikapata kipande kizima, nikakipima.» Akakinyosha juu ya mkono wake, tangu kiwiko hata ncha ya kidole cha kati, akahamisha, akapima tena, na tena, na mara ya nne. «Mikono minne. Nani alimkatia mtoto uzi wa mikono minne?»

Tulinyamaza kitambo. Kisha tukasema kwamba ni sisi.

Koko hakucheka, wala hakukasirika zaidi. Akatueleza tu hasara. Yeye hudarizi foronya na vitambaa vya meza, kazi aliyofundishwa na Masista huko Kasongo alipokuwa msichana. Wakati ule alikuwa na foronya sita za arusi, zenye maua mekundu, zilizokwisha kulipiwa nusu. Uzi ule mwekundu aliuletewa na mfanyabiashara wa pikipiki kutoka Kalemie, na mvua ilikuwa imeshaharibu njia. Sokoni kwetu ulikuwako mwekundu mwingine, lakini kila mdarizi ajua kwamba wekundu mmoja si ndugu wa wekundu mwingine. Ukiuweka kando ya wenziwe, ua huonekana kama lililokauka upande mmoja. Nyuzi za viwanda vikubwa, kama zile za DMC za Mulhouse, Ufaransa, huja na kikaratasi chenye namba ya rangi. Mwekundu wenye namba 321 ni ule ule leo na mwakani. Lakini vitita vingi hufika kwetu vimekwisha kuvuliwa kikaratasi, na mnunuzi hana la kuulizia. Ushauri wetu kwa wadarizi: kikaratasi kikiwapo msikitupe hata kitita kitakapokwisha.

Foronya ya sita, basi, ilipata maua ya manjano. Mwenye arusi akapunguza bei. Na fedha hiyo iliyopunguzwa ilikuwa imekwisha kupangiwa kazi: madaftari na sare ya binti yule yule.

Tulimtolea koko thamani ya kitita kimoja. Akaipokea bila kubembelezwa, akaifunga pembeni mwa kikwembe. Kisha akasema, «Sasa lete sindano.»

Alitufundisha mpaka jua likatua, na sehemu kubwa ya tutakayosema hapa ni yake. Hesabu tu ni zetu.

Kanuni yake ya kwanza ni mkono. Uzi usizidi mkono mmoja wa mwenye kushona, tangu kiwiko hata ncha za vidole. Kwa mtu mzima ni kama sentimeta 45. Nasi tulipomwuliza kwa nini asitumie rula, akatujibu kwa kutuonyesha. Alishona kwa uzi mfupi: mkono wake ulivuta mara moja, uzi wote ukapita. Akashona kwa uzi mrefu: mkono ulifika mwisho wa nguvu zake, na bado uzi ulikuwa umesalia chini ya kitambaa. Ilimpasa kushika tena, kuvuta mara ya pili. Katikati ya mvuto wa kwanza na wa pili uzi hulegea, hujikunja kitanzi, na mvuto wa pili hulikaza fundo. Ndipo tulipofahamu. Mkono wa mtoto wa darasa la tano ni mfupi kuliko wetu. Uzi utufaao sisi waweza kumzidi yeye. Kipimo cha rula kingetudanganya, bali kila mtu amepewa kipimo chake begani.

Wajerumani wana methali isemayo kwamba uzi mrefu ni wa msichana mvivu. Tulipoikumbuka methali hiyo tuliona haya, maana mvivu katika hadithi yetu hakuwa msichana.

Wanafunzi wa darasa la sita tuliwapa jambo hili kama hesabu, nanyi mwaweza kulijaribu nyumbani. Tuseme kila mshono wala sentimeta moja ya uzi, na sentimeta 10 za mwisho zabaki kwa kufungia. Uzi wa sentimeta 45: mvuto wa kwanza ni sentimeta 45, wa mwisho ni 10; wastani wake ni 27 na nusu. Uzi wa pima moja, sentimeta 180: mvuto wa kwanza 180, wa mwisho 10, wastani ni 95. Kwa mishono 171, ambayo ndiyo yote iwezayo kutoka katika pima ile, mkono wa mwenye uzi mrefu umevuta jumla ya mita 162 na zaidi. Mwenye nyuzi fupi, kwa mishono ile ile, amevuta mita 47. Aliyetaka kujipumzisha ametembeza mkono wake zaidi ya mara tatu ya mwenziwe.

Lakini tuwe wenye haki. Mwenye nyuzi fupi atatia uzi mara tano, na kila mara atapoteza ncha ya sentimeta 10. Mwishoni amepoteza sentimeta 40 kuliko yule wa pima. Mama anayehesabu uzi wake kwa kila senti aweza kutuambia kwamba hiyo nayo ni mali. Ni kweli. Ila fundo moja tu lisilofunguka, likikatwa pande zote mbili, humla zaidi ya hizo. Tena iko hasara isiyoonekana: kile kipande cha uzi kilicho karibu na sindano hupita katika kitambaa kila mshono. Katika uzi wa pima hupita mara 171, kikisuguliwa na kitambaa, kikipindwa na tundu la sindano. Kinachakaa, kinaota manyoya, na manyoya hayo ndiyo yashikanayo na kuanza fundo. Na kama halikuja fundo, uzi uliochakaa ndio uliobaki ndani ya nguo yako. Usistaajabu mshono ukifumuka kwa kuoshwa mara mbili.

Sababu ya pili ya matata ni msokoto. Chukueni uzi wa pamba mkaufumue kwa kucha: mtaona nyuzi mbili au tatu zimesokotwa pamoja, na kila moja nayo ni nywele fupi za pamba zilizosokotwa. Uzi hushikana kwa msokoto tu. Sasa mshonaji, bila kujijua, huizungusha sindano kidogo kati ya vidole kila amalizapo mshono. Uzi husokoteka zaidi na zaidi, au kwa wengine hufumuka. Mmemwona mbuzi aliyefungwa kamba mtini, azungukaye siku nzima? Mwisho kamba yajikunja yenyewe kama mkia wa nguruwe. Uzi nao hufanya vivyo hivyo.

Dawa yake ni nyepesi mno, hata twashangaa kwamba tulifika umri huu bila kuijua. Baada ya mishono kumi au kumi na mitano, inua kitambaa juu, iache sindano ining'inie. Itazunguka yenyewe mbio, kisha polepole, kisha itasimama. Uzi umerudi katika hali yake, endelea. Watoto wanaupenda mchezo huu kupita kiasi, na mwalimu awe macho wasifanye kila baada ya mshono mmoja.

Wako wasemao pia kwamba uzi una mbele na nyuma: ncha iliyotoka kwanza katika bobini ndiyo iingie tundu la sindano, na ncha iliyokatwa mwisho ndiyo ifungwe fundo, ili nywele za uzi zilale upande mmoja na mwendo. Koko aliamini hivyo kabisa. Sisi tulijaribu njia zote mbili katika kitambaa kimoja, kwa uzi wa dukani, na hatukuona tofauti kubwa. Lakini jambo hili halina gharama, nasi twalifuata kwa heshima yake.

Akina mama washonao kwa uzi wa kukunja mara mbili, kama kwa vifungo au kwa blanketi la viraka, hufunga ncha mbili pamoja kwa fundo moja. Msifanye hivyo. Fungeni kila ncha fundo lake peke yake. Zikifungwa pamoja, uzi mmoja ukilegea kuliko mwenziwe hauna pa kwenda, nao huinua kitanzi. Zikiwa mbalimbali kila mmoja hujinyosha wenyewe.

Na uzi wa kudarizi, ule ung'aao, wenye nyuzi ndogo sita ndani yake? Hapo ndipo wanafunzi huharibu zaidi. Mtu akihitaji nyuzi mbili, hushika mbili upande huu na nne upande huu, akapasua kama mtu apasuaye ukindu. Katikati pajikaza fundo kubwa. Yafaa kuukata kwanza kwa urefu wa mkono, kisha kuvuta uzi mmoja peke yake, juu moja kwa moja, huku vidole vya mkono wa pili vimeshika zilizobaki kwa ulegevu. Hizo nyingine zitajikusanya chini, kisha zitanyoka zenyewe. Vuta wa pili vivyo hivyo, uziweke hizo mbili pamoja. Kitita cha DMC kina mita 8. Kwa mikono ya sentimeta 45 ni vipande 17, na kila kipande nyuzi sita, yaani nyuzi 102. Mshonaji anayejua hesabu hii hawezi kuambiwa na mtu kwamba uzi wake umekwisha kabla ya wakati.

Hapa wazee watatukumbusha kwamba babu zetu hawakuyajua matata haya, nao wasema kweli kwa namna fulani. Kabla ya pamba ya dukani watu wa Maniema walifuma nguo kwa nyuzi za mwale, vile vitambaa vidogo vya mraba ambavyo Waswahili wa misafara waliviita viramba. Uzi wa mwale hausokotwi uwe mrefu bila mwisho. Jani likikoma, uzi umekoma. Kwa hiyo hata kitambaa kilikuwa kidogo, na aliyetaka nguo kubwa aliunga vipande. Jani lenyewe lilimpimia mfumaji. Pamba ndiyo iliyotuletea bobini, na bobini haikwambii basi. Nayo pamba twaijua kwa jasho: tangu sheria ya mwaka 1917 ya serikali ya Wabelgiji, wazee wa Maniema walilimishwa pamba kwa lazima, pamba ilikwenda zake kwa bei yao, na uzi ulirudi dukani kwa bei yao vile vile.

Na kwa kuwa tumeingia historia, wanafunzi wajue kwamba Kabambare ilipata kumlaza mtu aliyekuwa fundi wa nyuzi zilizokatika, ingawa vitabu humsifu kwa mengine. David Livingstone alifika hapa mwezi wa Septemba 1869. Mwaka uliofuata alilala hapa majuma mengi kwa vidonda vya miguu, asiweze kusafiri, na mwaka 1871 ndipo alipokwenda Nyangwe. Mtu huyo alipokuwa na miaka 10, huko Blantyre, Uskoti, alitiwa katika kiwanda cha pamba. Kazi yake, tangu saa kumi na mbili asubuhi hata saa mbili usiku, ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika katika mashine za kusokotea. Kwa sehemu ya mshahara wa juma la kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini, na baadaye alizoea kuegemeza kitabu juu ya mashine, akisoma sentensi moja moja kila alipopita. Seminarini tulilalamika juu ya Kilatini tukiwa tumeketi.

Turudi kwa koko. Jambo lake la mwisho lilikuwa nta. Methali yetu yasema, fuata nyuki ule asali. Lakini walaji wa asali hutupa masega, na ndani ya masega hayo imo dawa ya uzi. Yachemsheni katika maji kwa moto mdogo, mchuje kwa kitambaa kikuukuu, mwache yapoe: nta itaelea juu na kuganda. Pitisheni uzi juu ya ukingo wa nta hiyo mara mbili au tatu, halafu uvutwe kati ya kucha mbili ili joto la vidole liiingize ndani na kuondoa iliyozidi. Aliye na pasi ya makaa auweke uzi kati ya karatasi mbili, apitishe pasi isiyo moto sana. Manyoya yote hulala, uzi hukaza, wala haujikunji ovyo. Ni njema kwa vifungo, kwa viraka, kwa mifuko ya shule. Kwa uzi wa kudarizi haifai, maana huua mng'ao wake.

Asiye na nta atumie kipande cha sabuni kavu. Hupungua nguvu, lakini hutoka kwa kufua. Mshumaa wa dukani tungeuacha, kwa kuwa huacha vipande vipande, na chini ya pasi hutia doa. Kuhusu mawese hatukudhani kwamba itatupasa kusema neno, mpaka kijana mmoja wa darasa letu, aliyesikia kwamba uzi hupakwa kitu cha kuuteleza, alipopaka mawese. Kitambaa chake kilikuwa cheupe.

Uzi wa nailoni na wa poliesta, ambao sasa ndio mwingi sokoni kwa kuwa haukatiki upesi, una tabia zake. Huteleza, na msokoto wake hurudi kama kamba ya mtego. Tena wakati wa kiangazi, hewa ikikauka, hushikamana na kitambaa na kujishika wenyewe kama nywele zilizochanwa kwa chanuo la plastiki. Uzi huu ukatwe mfupi zaidi, upitishwe katika vidole vyenye unyevu kidogo, na fundo la mwisho lifungwe mara mbili.

Wala msikate uzi kwa meno. Ncha iliyoumwa hutawanyika kama ufagio, nayo hutafuta tundu la sindano mchana kutwa. Kateni kwa mkasi mkali au wembe, kwa mshazari.

Na fundo likiisha kuja? Usivute. Hilo ndilo jambo ambalo mkono hutaka kulifanya, na ndilo liharibulo. Yaliyo mengi si mafundo ya kweli, ni vitanzi vilivyoshika uzi kiunoni. Tia ncha ya sindano katikati ya kitanzi, ukitikise taratibu kiwe kipana, kisha vuta upande mmoja kidogo, upande wa pili kidogo, uone ni upi ulio huru. Koko alifanya hivyo juu ya ubao wetu wa mlangoni kwa lile tonge jekundu, macho yake yakiwa mbali na kichwa chake kikiinama nyuma, maana haoni vizuri karibu. Alipata vipande tisa vizima. Kila kimoja alikigawanya kwa mkono wake, akakizungusha katika kijiti cha kiberiti.

Alhamisi iliyofuata tuliingia darasani, tukawaambia watoto kwamba uzi wa juma lililopita ulikatwa vibaya, na aliyeukata ni mwalimu. Walitazamana. Kisha kila mmoja akapima kwa mkono wake mwenyewe, wenye mikono mirefu wakiwacheka wafupi. Waliojua kutia uzi tuliwaweka kila meza mmoja awatilie wenziwe, nasi tukapata nafasi ya kupita katikati yao badala ya kukaa. Yule binti hakuja mbele hata mara moja. Daftari lake tulilichukua wakati wa mapumziko, tukaifuta sifuri kwa wino mwekundu, tukatia sahihi pembeni, kama ipasavyo mtu anaposahihisha kosa lake katika karatasi ya watu.

Fundo moja la tonge lile lilimshinda hata koko. Alituachia. Liko mezani petu mpaka leo, ndani ya kikopo cha chaki.